UCHAMBUZI: Mtambo wa matrilioni ya pesa uhukumiwe kwa mashahidi wake

MATAIFA ya Ulaya yanatarajiwa kuamua karibu mwaka wa 2028 iwapo yatajenga mtambo mpya wa kugonganisha chembe, katika njia ya mviringo ya kilomita 91 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Gharama imekadiriwa kuwa faranga bilioni 15 za Uswisi, yaani zaidi ya Sh2 trilioni. Mwaka wa 2024, Ujerumani, inayotoa mchango mkubwa zaidi katika kituo cha CERN, ilieleza kwamba mzigo huo ni mzito mno.

Mjadala umejikita katika urefu wa njia hiyo na bei yake. Hata hivyo, mgongano wa chembe hauna faida iwapo hakuna chombo cha kuushuhudia.

Katika mtambo wa kilomita 27 uliowashwa Septemba 2008, mafungu ya protoni hupishana na kugongana mara milioni 40 kwa sekunde. Vigunduzi viwili vikuu, ATLAS wenye urefu wa mita 46 na CMS wenye uzani wa tani 14,000, vimepangwa tabaka kwa tabaka mithili ya kitunguu. Tabaka la ndani, la silikoni, huonyesha njia ya chembe zenye chaji huku sumaku zikizipinda. Linalofuata huzimeza chembe na kupima nishati yake. La nje kabisa hunasa miuoni, ambazo hupenya kila kizuizi. Kisha kompyuta huhifadhi matukio machache mno na kutupa mengine yote.

Kwa nini viwili? Kidole kimoja hakivunji chawa. Vilibuniwa kwa njia tofauti na makundi tofauti. Mnamo Julai 4, 2012, yote mawili yalitangaza chembe ile ile, iliyokuja kuthibitishwa kuwa ya Higgs, hapo ndipo ulimwengu ulipoamini.

Kinyume chake kilikuwa kimeshuhudiwa Septemba 2011. Kundi la OPERA nchini Italia lilisema nyutrino zilizotoka CERN, umbali wa kilomita 730, zilifika kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Nadharia ya Einstein ilitikiswa. Mwaka wa 2012 ilibainika kwamba kebo moja haikuwa imekazwa barabara. Aidha, kundi la ICARUS katika maabara iyo hiyo ya Gran Sasso lilipima na kukuta nyutrino hazikuushinda mwanga.

Mpango wa mtambo mpya una nafasi nne za vigunduzi. Wanasiasa wakitafuta pa kupunguza gharama, huenda wakashawishika kuanzia hapo. Wakifanya hivyo, watakuwa wamenunua mtambo wa bei ghali usio na wa kuusahihisha.

Wanaweza kuukataa mpango mzima kwa sababu halali: hakuna awezaye kuahidi kwamba utagundua chembe mpya. Lakini wakiukubali, wasiubakishie shahidi mmoja.