AJALI HAINA KINGA?

Ndugu msomaji, lori likipinduka katika mteremko wa Sekenke, au kijana akikatwa vidole na mashine kiwandani, neno la kwanza kusikika msibani na hospitalini ni lile lile: "Ajali haina kinga." Neno hilo huwatuliza waliofikwa, nalo lina utu wake. Lakini mara nyingi hulifunika swali lililostahili kuulizwa. Jumapili hii hebu tulipime kwa kisa cha rubani mmoja aliyetokea hapa hapa nchini kwetu kwenda vitani.

Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta Dar es Salaam kijana Roald Dahl, mzaliwa wa Wales mwenye wazazi kutoka Norway. Vita Kuu ya Pili ilipozuka Septemba 1939, alikabidhiwa kikosi cha askari wa KAR kuwazuia Wajerumani waliotaka kutoroka Tanganyika. Novemba mwaka ule akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 23, na kimo cha karibu mita 2. Alianza kwa ndege ndogo ya Tiger Moth, na baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo aliruka peke yake. Kati ya wenzake 16 waliofunzwa pamoja naye, ni 3 tu waliosalimika hadi mwisho wa vita.

Kutoka Nairobi alipelekwa Habbaniya, magharibi ya Baghdad. Huko alifunzwa kwa miezi 6 akitumia Hawker Hart, ndege nyepesi ya kuangusha mabomu. Agosti 1940 alitunukiwa cheo cha ofisa.

Sasa tazama yaliyofuata. Kikosi alichopangiwa, cha 80, hakikutumia Hart. Kilitumia Gladiator, ndege ya kivita yenye kiti kimoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna aliyemfundisha kuiendesha, wala hakuna aliyemfundisha mapigano ya angani. Tarehe 19 Septemba 1940 aliamriwa kuipeleka ndege hiyo kikosini, katika jangwa la Misri. Akatua Fouka kuongeza mafuta, na huko akaelekezwa kiwanja kilipo. Alipofika mahali alipoelekezwa hakuona kiwanja wala hema. Palikuwa na mchanga na mawe tu. Jua likazama, mafuta yakapungua, naye akalazimika kutua jangwani. Magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikawaka moto. Alijikokota nje, fuvu likiwa limepasuka na pua imevunjika, akawa haoni kwa majuma kadhaa.

Je, ndugu msomaji, ajali hiyo ilianzia kwenye lile jiwe? La hasha. Ilianza pale mtu alipokabidhiwa chombo asichokijua, akapewa maelekezo yenye makosa, tena jioni. Jiwe lilikuja mwisho.

Dahl alitoka hospitali ya Alexandria mwanzoni mwa mwaka 1941. Aprili akapigana angani Ugiriki, kisha akarushwa vitani kutoka Haifa. Lakini kile kichwa kilichopasuka hakikumwacha: maumivu makali yalimfanya arudishwe kwao mwaka ule ule, na kazi yake ya urubani vitani ikakoma. Baadaye alipata sifa kwa vitabu vyake vya watoto, akafariki mwaka 1990.

Jambo moja zaidi lisitupite. Mwaka 1942 gazeti la Marekani lilichapisha kisa chake chini ya kichwa cha habari kilichodai kuwa alitunguliwa Libya. Ushujaa ulipendeza zaidi kuliko uzembe wa ofisi. Katika kitabu chake *Going Solo*, cha mwaka 1986, alieleza kwamba hakuna adui aliyemtungua. Hivyo sifa nazo, kama ule msemo wetu, zaweza kulifunika kosa lisirekebishwe.

Sisi si wanajeshi, lakini tunayatenda hayo kila siku. Kijana aliyezoea gari dogo hukabidhiwa lori lenye tela kwa sababu dereva amechelewa. Mtumishi wa nyumbani aliyekulia kwenye mafiga huachiwa jiko la gesi siku ya kwanza, na maelezo hutolewa mlangoni, mama akiwahi kazini. Yakitokea ya kutokea, lawama humwangukia aliyetumwa, au huachiwa Mungu.

Basi wewe unayemkabidhi mwenzio kazi, iwe kiwandani au jikoni, jiulize kwanza: Je, anakijua chombo hiki hiki? Je, niliyomwelekeza ni sahihi? Je, nimempa muda wa kutosha? Nawe mzazi, mwanao akipata kazi ya mashine, usiulize mshahara tu. Muulize ni nani anayemfundisha.

Zipo ajali zisizo na kinga. Lakini nyingi kinga yake ilikuwapo, nasi tukaona haraka ni bora.