Nyumba ya Kiasi, Nyumba ya Busara



Kila kiangazi moshi wa matanuri ya matofali huonekana pembezoni mwa vijiji vyetu. Tunaufurahia, kwani ni dalili kwamba familia fulani imeanza kujenga. Hata hivyo, tanuri hula kuni nyingi, na mti uliokatwa kwa siku moja hurudi kwa miaka mingi.

Twajiuliza: je, ni lazima nyumba bora iwe ya tofali la kuchoma, yenye vyumba vingi, ibaki boma miaka kumi ikingoja bati?

Ipo njia nyingine. Tofali la kufungamana hufyatuliwa kwa mashine ya mkono, kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Halichomwi, humwagiliwa maji kivulini kwa siku zisizopungua 7. Kwa kuwa matofali hayo hushikana yenyewe, saruji ya kuungia hupungua sana. Ni kweli kwamba si kila udongo unafaa: ule wa mfinyanzi mwingi hupasuka. Basi upimwe kwanza.

Yapo pia mambo yasiyodai hata senti. Huku karibu na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalochoma kuta. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha yaelekeane ili upepo upite, na paa litokeze kuzitia kivuli. Mwelekeo huo huamuliwa kabla ya kuchimba msingi, baadaye haurekebishiki.

Vilevile, milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 50 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 30,000. Hata zikipotea kiasi, ni safari ngapi za kisimani anaepushwa mama?

Wapo watakaosema kwamba nyumba ya namna hii ni ya maskini. Sisi twaona umaskini zaidi katika jumba lisilokwisha, huku watoto wakilala penye kuvuja.

Tunaziomba jumuiya zetu ndogondogo: mnapochangia nyumba ya mjane, kabla ya kuhesabu matofali, mwulizeni fundi jua linachomoza upande gani wa kiwanja.