Farasi karibu na mji: hesabu isiishie kwenye mafuta

Una farasi anayelishwa kwa malipo Mafinga, nawe uko Iringa mjini. Kila ukitaka kumwona ni kilometa 80 kwenda na 80 kurudi. Ukisikia kuna banda Ipogolo, chini tu ya mji, utataka kumhamisha wiki hii hii. Kwa maoni yetu, ngoja kidogo.

Ipogolo ni bondeni, kando ya Ruaha Mdogo, na penye majimaji ndipo usubi huzaliana. Usubi ndio unaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao hauna tiba. Punda huuvumilia, farasi ukimpata, mara nyingi ni kuzika, na mtaji umekwenda naye. Mdudu huyo huuma zaidi tangu jua kuzama hadi alfajiri. Basi kabla ya kuuliza ada ya mwezi, uliza nani atakayemfungia ndani kabla ya magharibi, hata Jumapili, na kama chanjo inapatikana. Banda la mlimani, upande wa Gangilonga, hata likizidi bei kidogo, tungelichukua hilo.

Wenzetu wa Mbeya wana nafuu: Uyole kuna baridi, tena ni karibu. Majani ya Usangu yasiwadanganye.

Ukiamua, hamisha Juni au Julai. Chukua na majani makavu ya Mafinga ya wiki mbili, umchanganyie kidogo kidogo. Chakula kikibadilika ghafla tumbo humsokota, na daktari anayewajua farasi huku si wa kuitwa usiku akafika.