Kariakoo Ilibeba Mzigo, Kanisa Lilibeba Nini?

Wanafunzi wenzangu, kila wiki tunashuka Kariakoo kusaka viatu na chaja za bei poa. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza. Waingereza waliuteka mji huu mwaka 1916, na wapagazi wakawekewa kambi pale. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa, sio risasi. Sanamu yetu ya mwaka 1927 pale mjini inamwonyesha askari peke yake. Nairobi walau mpagazi naye kachongwa.

Kanisa lilikuwa wapi? Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi na kutembea nao bara. Tusidanganyane: huko kulikuwa kuitumikia vita ya wakoloni. Lakini mwaka 1920 askofu huyohuyo aliandika kijitabu kupinga kazi ya kulazimishwa nchini Kenya, akiishambulia serikali ya taifa lake. Kwa Walutheri, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa, sharika nyingi zilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, na hazikufa.

Funzo ninaloliona ni hili: kanisa halipimwi kwa sala za ushindi, linapimwa kwa anavyotendewa mbeba mzigo bunduki zikishanyamaza.

Wapo watakaosema hayo ya kale, sasa kuna amani. Sawa, lakini soko lilipoungua Julai 2021, jengo lilitengewa bajeti. Je, msukuma mkokoteni alitengewa nini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Azania Front na Mtakatifu Yosefu yalikuwepo kabla ya vita ile, na yako umbali wa kutembea tu kutoka sokoni. Naomba mawili. Kwanza, kila Novemba wapagazi wakumbukwe hadharani, pamoja na viongozi wa misikiti, maana wapagazi wengi hawakuwa Wakristo. Pili, kumbi za makanisa zifunguliwe siku moja kwa mwezi kwa msaada wa sheria na elimu ya akiba kwa wachukuzi na wamachinga, bila kuulizana dini.

Na sisi je? Wanaosoma sheria na uhasibu wapo tele hapa chuoni. Makanisa yakitoa viti, sisi tutoe Jumamosi moja.