SUMU YA KUNGURU INATUUA SISI



Tumeona tusinyamaze. Msimu huu wa kupanda baadhi yetu wamechukua dawa ya kupulizia nyanya, wakaichanganya na utumbo na punje za mahindi, wakatupa shambani, eti wanaua kunguru. Wamekufa kunguru kadhaa, wamekufa kuku, na mbwa wawili. Tena sumu ilimwagwa hatua chache tu kutoka mfereji ambao wenzetu wa bondeni wanachota maji. Jamani, hiyo ni vita na nani?

Wanajitetea kwamba kunguru anafukua mbegu na kuiba vifaranga. Ni kweli, anafukua na anaiba, hatumfanyi malaika. Lakini kunguru yupi? Kwa waweka sumu kila ndege mweusi ni mwizi yuleyule. Huo ni uvivu wa kutazama.

Kunguru wetu wa milimani ni yule mkubwa, mwenye doa jeupe kisogoni na mdomo mnene wenye ncha nyeupe. Anataga kwenye majabali. Anakula mizoga, funza na panzi. Mzoga ukitupwa korongoni, nani mwingine anakuja kuumaliza bila kudai posho? Wa pili ni yule wa kifua cheupe kama amevaa fulana. Naye ni mwenyeji wa Afrika.

Wa tatu ndiye mwenye kesi. Ni mwembamba, shingo ya kijivu, hana weupe hata kidogo. Huyo ni kunguru wa Kihindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, eti asafishe taka za mji. Taka hazikuisha, yeye akazaana, akavuka bahari, na leo amejaa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuua kunguru hao milioni moja. Dar es Salaam nako miaka ya 2010 waliuawa kwa wingi, lakini kwa dawa maalumu mikononi mwa waliofundishwa kazi hiyo, siyo kwa chupa ya dawa ya nyanya. Na bado wapo.

Huyu hakai mbali na watu, anafuata taka zao. Malori yanayoshusha kabichi zetu Mombo yanapanda tena kila siku. Siku akiyafuata huku juu atakuta nini? Jalala la gulio liko wazi, matumbo ya bucha yamemwagwa nyuma ya vibanda. Tutakuwa tumeua wenyeji na kumtandikia mgeni jamvi.

Kisha kunguru si mjinga. Huko Seattle, Marekani, mwaka 2006 watafiti walivaa kinyago, wakakamata kunguru wachache na kuwaachia. Miaka ikapita, na bado kila aliyepita na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakukamatwa. Ndege wa akili hiyo akiona mwenzake amekufa shambani kwako, anahamia kwa jirani. Mwenye sumu hamalizi kunguru, anamsukumia mwenzake. Ndiyo ushirika huo?

Tunadai sumu ikome leo. Aliyebakiwa na mahindi yaliyotiwa dawa ayafukie mbali na maji, asithubutu kuyatupa mtoni. Mbegu zifukiwe vizuri, na majirani wapeane zamu ya kuamia mpaka mahindi yashike mizizi. Vifaranga wakae chini ya tenga. Wenye bucha nao waache kutuambia hawana pa kutupa: shimo la gulio lichimbwe kabla ya gulio lijalo, na wao wawe wa kwanza kushika jembe. Sepetu zipo stoo ya Ushirika, zinatolewa kuanzia saa moja asubuhi.