Gromit Hakupotelea Kwenye Gemu

Mwaka 2009 kampuni ya Telltale Games ya San Rafael, California, ilitoa mchezo wa video unaoitwa Wallace & Gromit's Grand Adventures. Ulitoka kwa sehemu nne, moja baada ya nyingine, kila sehemu na kisa chake. Wahusika ni walewale ambao Nick Park na studio ya Aardman ya Bristol, Uingereza, wamekuwa wakiwafinyanga tangu filamu ya kwanza ya mwaka 1989: Wallace, mvumbuzi mpenda jibini ambaye mitambo yake haiishi kumponza, na Gromit, mbwa wake mwenye akili kuliko bwana wake na asiyetamka neno hata moja.

Miaka imepita, lakini lawama zinazotupiwa mchezo ule, na kila katuni inayogeuzwa gemu, ni zilezile. Wanaozitoa ni watu wanaozipenda katuni kwa dhati, na upendo huo ninao pia. Ndiyo maana nataka kuwajibu hoja kwa hoja, kwa sababu naamini wamekosea karibu kila mahali, na pale walipopatia, wamepatia kwa sababu tofauti na wanazozidhani.

Wanaanza na udongo. Wanasema uzuri wa Wallace na Gromit ni kazi ya mikono: mwanasesere anasogezwa kidogo, anapigwa picha, anasogezwa tena, na picha 24 zikikamilika imepatikana sekunde moja ya filamu. The Curse of the Were-Rabbit ya mwaka 2005 ilichukua miaka mitano kwa mtindo huo. Kompyuta, wanasema, haina udongo, kwa hiyo haina Gromit.

Nusu ya kwanza ya hoja hiyo naikubali bila ubishi. Mafundi wa Telltale walichora hata alama za vidole kwenye miili ya wahusika ili wafanane na udongo, na bado mwendo wao ni mkavu ukiulinganisha na wa filamu. Hakuna mchezo wa 2009 ambao ungeweza kufikia unyusi wa Gromit unapopanda kidogo tu nawe ukajua kila anachofikiri. Lakini udongo ni nyenzo ya kusimulia. Kinachosimuliwa ni nyumba moja namba 62, West Wallaby Street, ambamo bwana anabuni mtambo wa kurahisisha jambo dogo, mtambo unaleta balaa kubwa, na mbwa anasafisha kimyakimya. Utaratibu huo ukiuondoa, hata udongo bora kabisa hautakuokoa.

Ushahidi upo. Mwaka 2003, miaka sita kabla ya Telltale, kampuni ya Kiingereza ya Frontier Developments ilitengeneza Wallace & Gromit in Project Zoo. Humo yumo hata Feathers McGraw, yule pengwini mwizi wa The Wrong Trousers, ambaye mtazamaji yeyote angemtaka. Gromit anaruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, anakusanya vifaa, anawakomboa wanyama. Ni mchezo uliotengenezwa kwa bidii, lakini ukimtoa Gromit ukamweka sungura au dubu, karibu kila hatua ingebaki vilevile. Sura zilihamishwa, mazoea ya nyumba ile yakaachwa Bristol. Sehemu ya kwanza ya Grand Adventures, Fright of the Bumblebees, imekwenda kinyume: Wallace anafuga nyuki, anaahidi asali nyingi kuliko uwezo wake, anabuni dawa ya kukuza maua haraka, na nyuki wakiila wanakuwa majitu. Hakuna mhusika wa katuni nyingine anayeweza kuingizwa kwenye kisa hicho bila kukivunja.

Lawama ya pili ni ya pesa. Kukata hadithi vipande vinne, wanasema, ni njia ya kumtoza mteja mara nne. Lipo gemu linalostahili lawama hiyo, lakini si hili. Wallace na Gromit walianza kama filamu fupi. The Wrong Trousers, A Close Shave na A Matter of Loaf and Death zina takriban nusu saa kila moja, zimejitegemea, na zinarudi mtaa uleule. Urefu huo ndiyo pumzi yao ya asili, na sehemu moja ya mchezo, ambayo huisha kwa saa mbili tatu, iko karibu zaidi na pumzi hiyo kuliko mchezo mmoja wa saa ishirini. Msomaji aliyekua akingojea toleo jipya la jarida la Sani ili ajue Ndumilakuwili amefikia wapi anaelewa kwamba kusubiri ni sehemu ya utamu. Telltale walilijua hilo: sehemu ya tatu, Muzzled!, inamalizika Wallace akiwa amemposa jirani yake Bi Felicity Flitt bila kukusudia, na sehemu ya nne, The Bogey Man, inaanzia kwenye mkanganyiko huohuo.

Kuna wanaoongeza kwamba mitaa na maduka yanarudiwa kutoka sehemu hadi sehemu ili kupunguza gharama. Ndiyo, yanarudiwa, na gharama ilihusika. Faida yake ni kwamba kwa mara ya kwanza tunakaa na majirani. Katika filamu majirani wa West Wallaby Street hupita tu. Katika mchezo, Bwana Paneer mwenye duka anaanza kama mteja wa asali, na kufikia mwisho unamjua tabia zake na vikwazo vyake. Hilo ni nyongeza ya kweli kwa ulimwengu wa Aardman.

Sasa nifike kwenye hoja ninayoiona ndiyo ya msingi: kwamba mafumbo huua ucheshi. Ucheshi unategemea wakati. Nick Park anajua sekunde gani amwonyeshe pengwini na sekunde gani amfiche. Mkabidhi mchezaji kipanya, na mchezaji huyo atazunguka dakika kumi akitafuta kitu kidogo jikoni, huku Wallace akirudia sentensi ileile mara tano. Kichekesho cha kwanza kinafurahisha, cha tano kinachosha.

Hilo hutokea. Yapo mafumbo yaliyokazwa kupita kiasi, na aliyekwama hacheki. Watengenezaji waliliona tatizo, ndiyo maana waliweka kipimo ambacho mchezaji anachagua apewe vidokezo kwa wingi kiasi gani. Ila ukiitazama hoja yenyewe kwa karibu, inasahau jinsi vichekesho vya Wallace na Gromit vilivyojengwa. Katika The Wrong Trousers, suruali ya mitambo imenunuliwa ili kumtembeza mbwa, na inaishia kuiba almasi. Kifaa kilichotengenezwa kwa kazi moja kinafanya kazi nyingine kabisa, na kila hatua inazaa inayofuata. Hiyo ndiyo kanuni ileile ya michezo ya visa na mafumbo: okota hiki, kitumie pale ambapo hakikukusudiwa, uone kitakachotokea. Waanzilishi wa Telltale waliijua kanuni hiyo kwa sababu walitoka LucasArts, kampuni iliyoikuza, wakaanzisha yao mwaka 2004 baada ya LucasArts kuufuta mchezo mpya wa Sam & Max. Aina hii ya mchezo na filamu za Park zilikuwa tayari zinafikiri kwa namna moja kabla hazijakutana.

Tena kuna jambo ambalo filamu haiwezi kulifanya hata ikipewa miaka kumi. Katika mchezo unabadilishana nafasi, mara wewe ni Wallace, mara wewe ni Gromit. Ukiwa Wallace unaongea na kila mtu, unaahidi, unajiamini, unaharibu. Ukiwa Gromit huna mdomo. Huwezi kumwonya mtu, huwezi kueleza, huwezi kujitetea. Umebaki na mikono, macho na vitu ulivyookota. Kwenye filamu tunamhurumia Gromit kwa kubeba ukweli ambao hawezi kuusema, na hapa mzigo huo unahamia mabegani mwako. Unajua kilichoharibika, unamwona Wallace akitabasamu, na kazi ya kurekebisha ni yako. Nilipocheza sehemu ya kwanza ndipo nilipouelewa uvumilivu wa mbwa yule kwa ukamilifu, na sikuona aibu kwamba gemu ndiyo iliyonifundisha.

Wapo pia wanaokataa kwa sababu ya sauti. Peter Sallis alikuwa Wallace tangu 1989, lakini mwaka 2009 alikuwa na miaka 88, na kwenye mchezo Wallace anazungumzwa na Ben Whitehead. Wengi walitoa hukumu hapohapo: huyu si Wallace. Sauti ya Sallis ilikuwa hazina, na anayeikumbuka ana haki ya kuikosa. Lakini mhusika anayependwa hufika wakati akaishi kuliko aliyemzungumza. Sallis alistaafu mwaka uliofuata, akafariki 2017. Wallace & Gromit: Vengeance Most Fowl ilipoonyeshwa na BBC Krismasi ya 2024, Wallace alikuwa Ben Whitehead. Aardman wenyewe walimpa filamu nzima mtu ambaye wapinzani walidai hafai hata kwa gemu. Katika sehemu zile nne ndipo wachezaji walipopata nafasi ya kumzoea.

Mfano mwingine unaonyesha kwamba hata kupata sauti za asili hakukuwa kikwazo kila mara. Mwaka mmoja kabla ya Grand Adventures, 2008, Telltale waliipeleka kwenye gemu Homestar Runner, katuni ya intaneti ya ndugu wawili wa Atlanta, Mike na Matt Chapman. Mchezo uliitwa Strong Bad's Cool Game for Attractive People, ukatoka kwa sehemu tano kati ya Agosti na Desemba. Matt Chapman, aliyewazungumza karibu wahusika wote kwenye tovuti, aliwazungumza kwenye mchezo pia. Akina Chapman walikuwamo kazini tangu mwanzo, na inasikika.

Homestar Runner inanisaidia kujibu haraka wale wanaosema hakuna haja ya kucheza, tazama tu video ya mtu mwingine akicheza. Watazamaji wa katuni ile hawakuwahi kukaa mikono mifukoni. Mwishoni mwa vipindi vyake walibofya kila kona ya skrini wakitafuta vichekesho vilivyofichwa, na vilikuwapo kwa wingi. Walikuwa wachezaji kabla ya gemu kuja. Mchezo wenyewe ulitambua hilo: Strong Bad, mtukutu anayejiona bingwa, anajibu barua pepe kama alivyozoea kwenye tovuti, na utundu ambao hauhitajiki kabisa kumaliza hadithi nao unahesabiwa. Video ya mtu mwingine inakuonyesha utundu wake. Wako haumo.

Imebaki hoja ya mwisho, ile inayotajwa kama msumari: Telltale ilianguka, kwa hiyo njia yenyewe ilikuwa batili. Ni kweli ilianguka. Septemba 2018 iliwaachisha kazi wafanyakazi wapatao 250 kwa mkupuo, bila kiinua mgongo, na lile ni jambo la kuumiza ambalo hakuna sifa ya kisanii inayolifuta. Lakini kati ya asali ya Wallace na siku ile ilipita miaka tisa. Katikati kampuni ilipata umaarufu mkubwa kwa The Walking Dead ya mwaka 2012, ikapanuka, ikawa inaendesha majina mengi makubwa kwa pamoja. Anayetaka kujua sababu za anguko azitafute kwenye miaka hiyo ya upanuzi. Kuulaumu mchezo mdogo wa mwaka 2009 kwa madeni ya 2018 ni kutoitendea haki kazi ya watu.

Kuna lawama moja ambayo wapinzani hawaitaji mara nyingi, na ambayo naiona ndiyo halali. Michezo hii inauzwa kwa njia ya mtandao, na duka likifungwa inatoweka. Strong Bad ilitoka kwenye kompyuta na pia kwenye huduma ya WiiWare ya Nintendo. Duka la WiiWare lilifungwa Januari 30, 2019, na tangu hapo toleo hilo haliwezi kununuliwa. Udongo nao una hatari zake: moto wa Oktoba 2005 huko Bristol uliteketeza ghala la Aardman pamoja na mandhari na vifaa vingi vya filamu zao za awali. Tofauti ni kwamba filamu zenyewe zilinusurika kwa sababu zilikuwa na nakala na zilikuwa na watu wa kuzitunza. Gemu ya visa haijapewa heshima hiyo.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenye haki za katuni hizi, Aardman na akina Chapman wakiwa wa kwanza, ni kwamba waitunze michezo hii kama wanavyozitunza filamu: waiweke sokoni, waihamishie kwenye mashine za sasa, wahifadhi faili zake mahali salama. Na wewe unayeipenda The Wrong Trousers, tafuta Fright of the Bumblebees uicheze hadi mwisho kabla hujatoa hukumu.