Mawimbi ya Hewani ni Mali ya Nani?

Mengi yatokeayo Marekani gazeti hili huyapita bila kuyasemea, kwa kuwa hayamgusi mkulima wala mfanyakazi wetu. Hili la antena za televisheni hatuwezi kulipita. Kule sasa wanabishana kama mtu aliyenunua televisheni kwa jasho lake, akasimamisha antena juu ya paa lake, anayo haki ya kutazama matangazo ya bure pasipo kuomba ruhusa ya mtu. Wasomaji wetu ambao wamepata kukatiwa picha kwa kuwa malipo ya mwezi yamekwisha na mshahara haujatoka wataelewa mara moja kwa nini twalileta hapa.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe, maana limefunikwa na maneno mengi ya wauzaji. Picha iitwayo HD ni picha ang'avu. Ile iliyo kamili ina nukta 2,073,600, na picha ya kawaida ya dijitali ina nukta 414,720, yaani sehemu moja katika tano. Wengi hudhani picha hiyo haipatikani ila kwa ungo na kwa malipo ya kila mwezi. Sivyo. Mnara wa nchi kavu waweza kuirusha, na antena ya siku zote yaweza kuipokea. Wala hakuna kitu kiitwacho antena ya HD. Antena haijui picha. Inajua mawimbi tu. Fimbo za chuma za kiasi cha sentimita 30, zilizopimwa kwa masafa ya megahezi 500 hivi, zitayapokea masafa hayo yakiwa yamebeba picha hafifu ama ang'avu. Mwenye duka anayemtoza mfanyakazi bei maradufu kwa ajili ya herufi mbili zilizoandikwa juu ya boksi anamwibia, na twalitumia neno hilo tukiujua uzito wake.

Lililobadilika kweli ni hili. Zamani picha mbovu ilikuwa picha. Nani asiyemkumbuka kijana aliyepandishwa juu ya bati kuuzungusha mti wa antena, na jamaa waliomo sebuleni wakipiga kelele, "Hapo hapo! Usiguse tena!" Wako hata waliotundika mfuniko wa sufuria, nao ukafanya kazi. Chenga zilikuwapo, lakini habari ilifika. Kwa dijitali picha huja kamili, au hukatika vipande na kutoweka. Aliye nyuma ya kilima hapewi nusu.

Wamarekani walizima mitambo mikubwa ya mfumo wa zamani tarehe 12 Juni 2009. Siku iliyowekwa kwanza ilikuwa 17 Februari mwaka huo, ikasogezwa mbele kwa kuwa watu wengi hawakuwa tayari. Serikali yao ilitoa kuponi za dola 40, mbili kwa kila nyumba iliyoomba, ili watu wanunue visanduku vya kugeuzia mawimbi mapya yaonekane katika televisheni za zamani. Fedha zilipofikia kikomo, maombi yakarundikana, ndipo Bunge lao likaahirisha. Twaitaja habari hii kwa sababu nchi hiyo haina sifa ya ujamaa. Hata hivyo ilikubali kwamba Serikali ikibadilisha mfumo, haifai gharama yote imwangukie mnyonge. Na tangu hapo, mwenye televisheni mpya na antena ameona picha ang'avu za stesheni kubwa bila kulipa senti kila mwezi. Bure hiyo ina mlipaji, bila shaka: matangazo ya biashara hulipiwa na mnunuzi wa sabuni. Lakini hakuna awezaye kumfungia mtu picha kwa sababu amechelewa kulipa.

Kisha tamaa ikaingia. Katika miaka ya 2016 na 2017 sehemu ya masafa ya televisheni ilipigwa mnada, ikauzwa kwa dola bilioni 19.8, zaidi kwa kampuni za simu, na zaidi ya bilioni 10 kati ya hizo zikaenda kwa wenye stesheni waliokubali kuyaachia. Mwezi Novemba 2017 wakaruhusiwa kuanza mfumo mwingine mpya, kwa hiari, wenye picha bora kupita ule wa kwanza. Tusingekuwa na neno juu yake. Lakini tangu 2023 baadhi ya stesheni zimeanza kuyafunga kwa ufunguo wa siri matangazo yao ya mfumo huo mpya, ingawa bado zasema ni ya bure. Visanduku vingine vilivyonunuliwa kwa fedha halali vikashindwa kuonyesha kitu. Na mwezi Februari 2025 umoja wa wenye stesheni ulipeleka ombi kwamba mfumo wa 2009 ukomeshwe ifikapo Februari 2028 katika masoko 55 makubwa, na Februari 2030 katika yaliyosalia.

Wenyewe wanajitetea kwamba wanazuia wezi wa filamu na wa michezo. Wizi huo upo, hatukatai. Lakini mwenye kibali cha kutumia mali ya umma hawezi kumtendea kila raia kama mtuhumiwa ili amkamate mmoja.

Tugeukie nyumbani. Dar es Salaam ilizima mfumo wa analojia tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata 2013, tukazitangulia nchi jirani za Afrika Mashariki. Hapa king'amuzi alijinunulia mwananchi mwenyewe. Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizuia kampuni za ungo za kulipia kubeba stesheni za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu, na nyumba nyingi zikajikuta haziioni stesheni ya nyumbani mpaka zipate chombo cha pili. Kisheria Mamlaka ilikuwa na hoja. Sebuleni, mzee aliyezoea taarifa ya habari ya saa mbili usiku hakuielewa hoja hiyo, nasi hatumlaumu.

Kwa hiyo twawaomba wabunge wa Chama, masafa yatakapogawanywa tena, wahesabu pamoja na wataalamu. Masafa ya mnara mmoja yana kikomo: yajaze picha hafifu nyingi za kuuza, au weka chache ang'avu. Stesheni za bure zitengewe nafasi katika hizo ang'avu, nazo zirushwe bila ufunguo wowote, zipokelewe na televisheni yoyote yenye kipokezi cha dijitali ndani yake, bila kisanduku cha kampuni fulani. Na itakapotajwa siku ya kuzima tena mfumo wowote, bei ya chombo kipya na jina la atakayeilipa vitajwe siku hiyo hiyo, Bungeni, mbele ya watu.